Nilijizoesha hotuba siku kumi, ukumbini ikayeyuka. Je, mazoezi ndiyo yaliyoniharibia?

#1 BabaMdogo_Mbagala
Wakuu, habari za jioni.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) ya binti wa marehemu kaka yangu. Kaka alifariki binti akiwa darasa la tano, nikamchukua mimi. Kwa hiyo neno la baba lilikuwa langu, na sikutaka kulifanyia mzaha. Nikaandika kurasa mbili na robo kwa mkono, nikazikariri neno kwa neno siku kumi mfululizo, kila siku saa kumi na moja alfajiri mbele ya kioo cha kabati kabla nyumba haijaamka. Siku ya nane nilikuwa naisema yote bila kuchungulia. Karatasi nikaiacha nyumbani.

Ukumbini nikamaliza itifaki, aya ya kwanza ikapita vizuri. Nikafika pale nilipoandika "Siku uliyoletwa nyumbani kwangu ulikuwa umeshika…" Neno lililofuata lilikuwa "mfuko wa daftari". Binti akainua uso akanitazama. Mfuko wa daftari ukapotea. Nikajaribu kurudi mwanzo wa sentensi, nao haupo. Nikasimama kimya. MC akadhani nimemaliza, akaomba muziki, watu wakapiga makofi, nikakaa.

Akafuata mjomba wake, upande wa mama. Huyu najua kwa hakika hakuandika hata mstari, maana alishuka kwenye basi la Singida saa mbili kabla ya shughuli. Akaongea dakika nne, ukumbi mzima unafuta machozi.

Hoja yangu ni hii: naanza kuamini mazoezi yanaua hotuba. Aliyeyazoea maneno anayakimbilia maneno, mtu aliye mbele yake hamwoni tena. Wenye uzoefu mnasemaje? Nauliza kwa moyo kabisa. Lile neno bado liko kifuani na sijui nitalisema lini.

#2 Ngosha_Igoma
Pole sana mkuu. Nimeweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mwl_Mstaafu
Mleta mada, pole. Ila umechanganya mambo mawili. Kukariri ni kazi ya kichwa. Kujizoesha ni kazi ya mdomo, pumzi, macho na miguu. Wewe ulikariri.

Nimefundisha sekondari miaka 31, na kila mahafali ya kidato cha nne risala ya wahitimu ilipita mikononi mwangu. Mtoto wa kusoma risala sikumsimamisha mbele ya kioo hata siku moja. Nilimpeleka uwanjani saa kumi jioni, yeye anasimama goli la huku, mimi goli la kule, katikati wenzake wanacheza mpira. Kazi yake moja tu: nimsikie. Siku ya kwanza wote wanapiga kelele mpaka koo linakauka. Kufika siku ya tatu mtoto anagundua mwenyewe kwamba akipunguza mwendo na kuitamka silabi ya mwisho mpaka iishe, sauti inafika bila kupayuka. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, na mtu akiogopa huimeza ile irabu ya mwisho. Hapo ndipo anapoacha kusikika.

Na karatasi anakuwa nayo mkononi mpaka mwisho. Risala husomwa, ikishasomwa anakabidhiwa mgeni rasmi. Hakuna aliyewahi kuona aibu kwa kushika karatasi.

#4 Binti_Usagara
Mwalimu kwenye #3 amenikumbusha mbali. Nilisoma risala mwaka 2009. Mazoezi tulifanya, tena mengi, lakini kila nikifika kwenye hesabu mwalimu wetu alikuwa ananiambia "ruka hapo, tuendelee, hicho kiasi bado hakijathibitishwa". Siku yenyewe kiasi kikaandikwa kwa kalamu asubuhi: 14,750,000 za kumalizia maabara. Mimi nikasoma "milioni moja, laki nne na elfu sabini na tano". Koma ile niliiona vibaya. Mgeni rasmi akafurahi, akasimama akasema hizo anazitoa zote yeye, leo hii. Makofi.

Hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Maabara haikuisha mwaka ule.

Tangu siku hiyo, nikiandika cha kusomwa na mtu, hesabu naiandika kwa maneno: milioni kumi na nne, laki saba na elfu hamsini. Ninavyoona mimi, hotuba haiangukii popote tu. Inaangukia pale pale uliporuka siku za mazoezi.

#5 Chumvi_ya_Pwani
Mimi namuunga mkono mleta mada mia kwa mia. Neno la kweli halifanyiwi mazoezi. Mchukueni Martin Luther King, Washington, 28 Agosti 1963. Alikuwa na karatasi yake iliyoandaliwa usiku kucha. Ile sehemu ya ndoto, ambayo dunia nzima inaijua, haikuwemo. Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa nyimbo za injili, alimpigia kelele kutoka nyuma awaambie habari za ile ndoto, King akaiacha karatasi akaongea. Nani leo anakumbuka yaliyokuwa kwenye karatasi?

#6 Mdau_Ilala
@Chumvi_ya_Pwani usikate hadithi katikati. Haikuwemo kwenye karatasi ya siku hiyo, sawa. Lakini maneno ya ndoto alikuwa ameshayasema Detroit, 23 Juni 1963, miezi miwili kabla, na kabla ya hapo aliyasema Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962. Huyo dada angejuaje kwamba kuna ndoto ya kuombwa kama hakuwahi kuisikia? Aliiacha karatasi akashika kitu ambacho ulimi wake ulishakipita mara kadhaa.

#7 Chumvi_ya_Pwani
Detroit nakubali. Lakini Detroit alikuwa mbele ya watu, tena umati. Hakuwa mbele ya kabati. Hapo unanisaidia hoja: kuongea na watu ndiko kunakomfundisha mtu kuongea na watu.

#8 Mdau_Ilala
Sasa hapo tumekaribiana. Mleta mada amesema "mazoezi", wewe unasema "kioo". Kioo tukigawane wote tukitupe.

#9 Fundi_Spika
Nasoma tangu juu, hakuna aliyetaja maiki. Nafunga mitambo ya sherehe mwaka wa kumi na mbili huu, watu wengi sana nimewaona wakipotea kwa sababu hii na hakuna anayewaambia.

Nyumbani sauti yako unaisikia ikitoka kinywani. Ukumbini inatoka kwenye spika, inakwenda kugonga ukuta wa nyuma, inakurudia imechelewa kidogo. Mgeni wa jambo hili bila kujua anaanza kujisikiliza. Akijisikiliza tu, sentensi imekwisha. Nawaona kabisa: anasema maneno matatu, ananyamaza, anaitazama maiki kana kwamba imemjibu.

Msinionee haya, njooni mapema. Mwambie fundi akupe maiki dakika mbili wakati ukumbi unapambwa. Iweke vidole vinne kutoka mdomoni, usikifunike kichwa chake kwa kiganja, na usisogee mbele ya spika, ndiyo maana inapiga mluzi. Na nyumbani usifanye mazoezi mikono mitupu. Shika chochote chenye uzito kama wa maiki, maana mkono ulioshika kitu hauwezi kufunua ukurasa. Hilo watu wanaligundulia jukwaani.

#10 Mama_Wawili
Fundi umesema kweli. Mume wangu alishika mwiko wa ugali wiki nzima akijiandaa na neno la shukrani kwenye kipaimara cha mtoto. Wasikilizaji wake ni wanangu wawili mezani. Yule mdogo kazi yake ilikuwa moja: "Baba, hilo umeshasema." Hotuba ilianza na dakika kumi na moja ikafika tano. Mtoto wa miaka saba hana cha kukuonea aibu, huyo ndiye wa kumfanyia mazoezi.

#11 BabaMdogo_Mbagala
Asanteni wote. Fundi wa #9, ni kweli, niliisikia sauti ikinirudia na nikashtuka, ila sikuweka maanani mpaka umesema.

Mwalimu wa #3, naomba niseme jambo ambalo nimelitambua nikisoma bandiko lako. Zile siku kumi zote nilikuwa nanong'ona. Nyumba yetu ni ndogo, na binti mwenyewe alikuwa analala chumba cha pili, sikutaka asikie kabla ya siku. Kwa hiyo kwa sauti yangu kamili ile hotuba niliisema mara moja tu, ukumbini, na haikuisha.

#12 Mwl_Mstaafu
Ahaa. Basi, ndugu yangu, hujawahi kuifanyia mazoezi. Ulikuwa unaisoma kimya midomo ikicheza. Pumzi ya mnong'ono si pumzi ya kusema. Sentensi uliyoizoea kwa mnong'ono, ukiitoa kwa sauti pumzi inakwenda tofauti.

#13 Nahodha_Kigamboni
Niongeze la kitaalamu kidogo. Mwaka 1975 Godden na Baddeley, watafiti wa Uingereza, waliwachukua wapiga mbizi wakawapa orodha ya maneno ya kukariri, wengine nchi kavu, wengine chini ya maji. Waliokariri chini ya maji walikumbuka vizuri zaidi walipoulizwa wakiwa chini ya maji, na wa nchi kavu vivyo hivyo nchi kavu. Akili inashika neno pamoja na mahali.

Sasa mleta mada ulikariri gizani, alfajiri, ukiwa peke yako, umesimama kwenye kabati. Ukaenda kuulizwa usiku, taa za rangi, watu mia tatu. Yale maneno yapo, ila uliyaacha chumbani.

#14 Ngosha_Igoma
Hii ya wapiga mbizi nimeipenda. Hata yule msemaji wa kale, Demosthenes wa Roma, alikuwa anafanyia mazoezi ufukweni akipambana na mawimbi, tena ameweka kokoto mdomoni.

#15 Mdau_Ilala
@Ngosha_Igoma, Athene, Ugiriki, si Roma. Alizaliwa 384 kabla ya Kristo. Kokoto zilikuwa za kurekebisha matamshi, mawimbi yalikuwa ya kuzoea kelele za mkutano. Anayetusimulia ni mwandishi Plutarch, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu baadaye, kwa hiyo tuipokee kwa kiasi. Anasema pia alijichimbia chumba chini ya ardhi akanyoa nusu ya kichwa ili aone haya kutoka nje, akabaki humo miezi miwili mitatu akijifua.

Ila Chumvi asikose na la kwake: wapinzani wa Demosthenes walimcheka kwamba hoja zake zinanuka utambi wa taa. Yaani zimekeshewa mno. Ubishi wetu huu ulikuwepo zamani zile.

#16 Chumvi_ya_Pwani
Utambi wa taa! Hilo nalichukua. Mdau leo umenipa silaha mwenyewe.

#17 Ulimi_Mzito
Nimesita kuandika, lakini acha niseme. Nina kigugumizi tangu utoto. Mnaposema "usijizoeshe, ongea kutoka moyoni", kumbukeni kuna watu moyo umejaa na mlango ni mwembamba.

Kwangu herufi M mwanzoni mwa sentensi ni ukuta. Sasa fikiria hotuba za kwetu zinavyoanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi". Neno la kwanza tu nimeshakwama, watu wanatazamana, na itifaki haina neno mbadala. Nilikaa na jambo hili miaka. Nilichokigundua kwa mazoezi, tena peke yangu njiani nikitembea, ni kwamba nikitanguliza "Ndugu zangu" nikashusha pumzi, "mheshimiwa" inakuja nyuma yake kama gari linalovutwa. Hilo huwezi kuligundua jukwaani. Jukwaani unakwama tu.

Mfalme George VI wa Uingereza alihutubia Wembley mwaka 1925, kabla hajawa mfalme, ikawa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka uliofuata akaanza kwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia ambaye wala hakuwa daktari. Walikuwa wanapitia hotuba pamoja, wanaweka alama za mahali pa kuvuta pumzi, maneno magumu yanabadilishwa. Vita ilipotangazwa 3 Septemba 1939 mfalme akasema redioni, Logue amesimama naye chumba kimoja. Kigugumizi hakikuisha kabisa hata hapo. Lakini alifika mwisho wa ukurasa.

Mimi nakubali hotuba yangu inuke utambi, ilimradi ifike.

#18 Chumvi_ya_Pwani
Ulimi_Mzito, nimekusoma mara mbili. Kwako sina ubishi.

#19 Jirani_Kisumu
Sisi huku Kenya tukiwa shule tulipitia tamasha za muziki, mashairi ya kukariri na ya kwaya. Mwalimu alitupangia mpaka mkono unainuka kwenye neno gani. Tulirudia mpaka tukachoka nalo, likakosa ladha kabisa. Halafu kuna siku, baada ya kulichoka, mnapanda jukwaani na linakuwa jipya, kwa sababu hamfikirii tena maneno, mnamwona jaji usoni. Nadhani mleta mada aliishia kwenye siku ya kuchoka. Siku kumi hazikuwa nyingi, zilikuwa chache.

#20 Mkunazini
Wabara mna hotuba ndefu, ndiyo maana mnateseka hehe. Sisi bwana harusi hotuba yake ni sentensi moja: nimekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari yaliyotajwa. Basi.

Lakini hata hiyo moja ina mazoezi. Mjomba wangu alinikalisha barazani siku tatu baada ya isha. Ananishika mkono vile vile atakavyonishika mwozeshaji, gumba kwa gumba, ananisomea, mimi najibu. Nikijibu upesi ananirudisha: "Umemkatia kauli shehe." Nikichelewa ananirudisha: "Mashahidi watadhani umeghairi." Siku yenyewe msikiti umejaa, kiganja changu kimelowa, na sikumbuki kama niliwaza chochote. Kile kiganja ndicho kilichokumbuka. Mkono ulipobanwa, mdomo ukajibu.

#21 Nahodha_Kigamboni
@Mkunazini umeona sasa? Ni yale yale ya #13. Mjomba wako alikuletea msikiti barazani.

#22 Mtafiti_Changanyikeni
Mnaongelea kumbukumbu, mimi naona hofu. Mwaka 2003 Savitsky na Gilovich, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi kazi ya kuhutubia. Walichogundua ni kwamba msemaji anadhani hofu yake inaonekana wazi kwa kila mtu, kumbe wasikilizaji hawaioni kiasi hicho. Halafu wakawaeleza baadhi yao jambo hilo kabla hawajasimama, na hao wakahutubia vizuri zaidi.

Mleta mada mwenyewe ametuambia: MC alidhani amemaliza, watu wakapiga makofi. Yaani hakuna aliyejua. Wewe uliona ukumbi umeanguka, wao waliona baba amesema maneno mafupi na kuguswa.

#23 Mama_Wawili
Binti alijua.

#24 Mama_Kasulu
Mama_Wawili amesema ninalotaka kusema. Kaka zangu, mmechambua maiki na pumzi na wapiga mbizi, yote mazuri. Lakini huyu mtu hakusahau neno. Alikuwa anamwambia mtoto wa marehemu kaka yake kuhusu siku alipofiwa, mtoto akainua macho, na pengine macho yale ni ya kaka yake.

Mume wangu alipofariki niliomba wasifu niusome mwenyewe, familia wakakataa, nikasisitiza. Usiku ule nilimsomea dada yangu jikoni. Kuna mstari wa mwaka tuliofunga ndoa. Mara ya kwanza nilifika hapo nikashindwa. Dada hakusema kitu, akaongeza kuni. Mara ya pili nikashindwa pale pale. Mara ya tatu nikapita, sauti imekwaruza lakini nikapita. Kesho yake makaburini nilipofika kwenye ule mstari nilikuwa najua una kina gani. Nilishazama humo mara mbili.

Baba mdogo, ulipaswa kumsomea mtu. Yeyote aliyemjua kaka yako. Ungelia kwanza mbele yake.

#25 Chumvi_ya_Pwani
Mama, heshima kwako. Ila nauliza bila ubaya: ukishalia mara tatu jikoni, ukumbini kinabaki nini? Yule mjomba wa Singida alilia pale pale ndiyo maana watu walilia naye.

#26 Mama_Kasulu
Kinabaki cha kuwapa watu, mwanangu. Mimi sikwenda makaburini kulia, wa kulia walikuwa wengi. Nilikwenda kumsema mume wangu alikuwa nani.

#27 Fundi_Spika
Huyo mjomba wa Singida mnamtaja sana kwamba hakuandaa. Masaa kumi ndani ya basi mnadhani alikuwa anahesabu miti? Alikuwa anaongea na huyo binti kichwani njia nzima.

#28 Ngosha_Igoma
Fundi hapo umetupiga chenga wote.

#29 Binti_Usagara
Mimi namlaumu MC. Mtu akinyamaza kwenye neno la baba unasubiri. Unahesabu mpaka ishirini. Haraka ya muziki ya nini?

#30 Fundi_Spika
Hapo nawatetea kidogo. Ukumbi unafungwa saa sita, itifaki zimeliwa na watu wa mwanzo, kila anayeshika maiki anasema "itifaki imezingatiwa" halafu anaanza kuitaja upya mmoja mmoja. Dakika za baba zinaliwa na watu ambao hata si wa familia. Lakini kusubiri angesubiri, nakubali.

#31 Mdau_Ilala
Tukishafika kwenye itifaki uzi utafika kurasa mia. Turudi. Mleta mada, kurasa mbili na robo zilikuwa na nini ndani? Watu wanakumbuka kidogo sana. Mwalimu Nyerere mwaka 1978, wakati wa Idi Amin, kila Mtanzania alibaki na vitu vitatu tu: uwezo, sababu, nia. Vitatu hivyo huhitaji karatasi kuvishika. Churchill naye, yule waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa anakariri hotuba neno kwa neno akiwa kijana, mwaka 1904 akakatika katikati ya hotuba bungeni, akakaa chini. Tangu hapo alikuwa anaingia na maandishi yake kamili mkononi. Yaani njia ni mbili: vitu vitatu kichwani, au karatasi yote mkononi. Wewe ulishika ya katikati, kurasa zote kichwani.

#32 BabaMdogo_Mbagala
Nimewasoma wote, wengine mara tatu. Mama Kasulu, ni kweli, ana macho ya kaka. Hilo sikuliandika kwenye #1.

Jumamosi hii tunavunja kamati ya harusi, hapa hapa nyumbani, uani, watu kama arobaini. Hakuna MC wala ukumbi. Bwana na bibi harusi watakuwepo. Nimeomba nipewe dakika tano. Swali langu la mwisho: niende na karatasi au nisiende nayo?

#33 Mwl_Mstaafu
Karatasi mkononi. Na kabla ya Jumamosi uisome kwa sauti hapo hapo uani, mchana, majirani wasikie wakitaka.

#34 Chumvi_ya_Pwani
Iache ndani. Mtazame usoni useme unachokiona.

#35 Mkunazini
Ikunje nne, iweke mfukoni. Usiitoe. Kujua ipo kunatosha.

#36 Ulimi_Mzito
Andika sentensi ya kwanza tu, kwa herufi kubwa. Ukishapita ya kwanza, zilizobaki zinakuja.

#37 Mama_Kasulu
Umeshamsomea nani?

#38 BabaMdogo_Mbagala
Mke wangu, jana usiku. Tulifika nusu.

#39 BabaMdogo_Mbagala
Wakuu, nimerudi. Jana imepita.

Karatasi nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa nne. Nikasimama karibu na sufuria za pilau, watoto wanapita katikati, jirani redio yake inasikika. Nilimwangalia mume wake kwanza, siyo yeye, mpaka nikapata sauti. Nikafika pale pale: "Siku uliyoletwa nyumbani kwangu ulikuwa umeshika mfuko wa daftari." Safari hii nikalisema.

Binti akasema, kwa sauti ndogo lakini watu walisikia: "Baba, haukuwa mfuko wa daftari. Kilikuwa kiroba cha unga. Mama alikishona mkanda."

Nikakumbuka. Kiroba cha kilo tano, cheupe, mkanda wa kitambaa cha kitenge. Miaka kumi na nne naona mfuko wa daftari na siku zote kilikuwa kiroba. Nikamuuliza mkanda ulikuwa wa rangi gani, akasema kijani na njano, na ndani palikuwa na daftari mbili na shati la baba yake. La shati mimi sikulijua mpaka jana.

Baada ya hapo sikuhutubia tena. Tulikuwa tunaongea mimi na yeye, watu wamekaa kimya. Sijui ilikuwa dakika ngapi.

#40 Nahodha_Kigamboni
Mkuu, mwili wangu umesisimka. Sasa nabadilisha kidogo ya #13: pengine neno lilikupotea ukumbini kwa sababu halikuwa lenyewe.

#41 Mtafiti_Changanyikeni
Hapana Nahodha, kichwa hakifanyi kazi hivyo. Mtu anaweza kukumbuka kisichokuwepo kwa uhakika kabisa na asikwame hata kidogo.

#42 Chumvi_ya_Pwani
Mnaona? Bora alichosema ni kile ambacho hakikuandikwa.

#43 Mwl_Mstaafu
Kilichomfikisha hapo kiliandikwa, Chumvi. Na nusu alishaisoma kwa mkewe.

#44 Mama_Wawili
Hilo shati lipo bado?

#45 BabaMdogo_Mbagala
Lipo. Amesema amehama nalo.